Kuumwa na Nyoka katika Pwani ya Mtwara na Maingilio ya Mto Ruvuma: Kinga, Huduma ya Kwanza na Thamani ya Saa za Mwanzo

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna wakazi wa pwani ya Mtwara na bonde la chini la Mto Ruvuma wanavyoweza kujikinga na nyoka wenye sumu, na hatua zinazopaswa kuchukuliwa mtu anapoumwa. Hoja kuu ni kwamba ukali wa sumu pekee hauamui nani apone, nani abaki na ulemavu na nani afe. Kinachoamua zaidi ni namna saa za mwanzo baada ya kuumwa zinavyotumika. Makala yanaanza na mazingira na nyakati ambazo binadamu na nyoka hukutana, kisha yanaeleza nyoka wa eneo hili na namna sumu zao zinavyofanya kazi. Baada ya hapo yanajadili kinga, huduma ya kwanza, matibabu ya hospitalini na nafasi ya jamii katika kumfikisha mgonjwa kwenye tiba.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii hutumika kueleza hofu ya mtu aliyekwishapatwa na madhara. Hata hivyo, anayeushtukia ung'ongo ni yule tu aliyebahatika kupona. Kwa wengi wa vijijini, kuumwa na nyoka huishia katika kifo au katika mguu usiofaa tena kwa kazi ya shamba.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani. Kati yao, milioni 1.8 hadi 2.7 hudhurika kwa sumu, na watu kati ya 81,410 na 137,880 hupoteza maisha. Wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu wanakadiriwa kuwa karibu mara tatu ya wanaokufa. Kutokana na uzito huo, mwaka 2017 Shirika hilo liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu tatizo hili, na mwaka 2019 ulitangazwa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Waathirika wakuu ni wakulima, wafugaji, wavuvi na watoto wa vijijini, yaani watu wanaotembea, kufanya kazi na kulala karibu na ardhi. Maelezo haya yanalingana kabisa na maisha ya wakazi wa Mtwara Vijijini, kuanzia Msimbati na Madimba hadi Mahurunga, Kilambo na Kitaya. Kwa sababu hiyo, elimu juu ya nyoka katika eneo hili ni sehemu ya elimu ya uzalishaji mali na ya malezi.

2.0 Mazingira na Nyakati za Hatari

Pwani ya Mtwara ina mvua za msimu mmoja, zinazoanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Ardhi yake ni mchanganyiko wa mashamba ya mikorosho, minazi na miembe, vichaka vya pwani, mabonde ya mpunga na, karibu na bahari, misitu ya mikoko. Sehemu kubwa ya ukanda huu imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mazingira haya humpa nyoka kila anachohitaji: maficho, maji, vyura, ndege na panya.

Nyoka hamwindi binadamu. Ajali hutokea pale kazi ya binadamu inapoingia mahali ambapo nyoka amejificha au anatafuta chakula. Kwa kuifuata kalenda ya kilimo, nyakati za hatari zinaweza kutabirika.

Wakati wa kwanza ni msimu wa korosho, ambao kilele chake ni Oktoba hadi Desemba. Korosho huokotwa chini, mara nyingi na wanawake na watoto, kwa mkono mtupu katikati ya majani makavu. Mwishoni mwa msimu huo mvua huanza, na nyoka wengi huongeza mizunguko yao. Wakati wa pili ni wa kufyeka na kuandaa mashamba, ambapo mashimo, visiki na vichuguu huvurugwa. Wakati wa tatu ni wa kulinda na kuvuna mpunga bondeni, ambapo familia huhamia kwa majuma kadhaa kwenye vibanda vya shambani, wakilala mbali na zahanati na mbali na barabara.

Aidha, usiku una hatari zake katika majira yote. Ghala la nafaka huvuta panya, na panya humvuta nyoka hadi ndani ya nyumba. Mtu aliyelala kwenye mkeka sakafuni anaweza kuumwa bila kujua kilichomuuma, na anayetoka kwenda choo cha nje bila taa anaweza kumkanyaga nyoka njiani.

3.0 Nyoka Wenye Sumu Wanaohusika

3.1 Nyoka wa ardhini

Moma, ambaye pia huitwa kifutu (Bitis arietans), ni mfupi, mnene, mwenye rangi ya kahawia au manjano iliyofifia na michirizi inayofanana na majani makavu. Tabia yake ndiyo inayomfanya awe hatari: anaposikia hatua za mtu hakimbii, bali hutulia akitegemea kutoonekana. Ndiyo maana huumwa zaidi mguu wa chini wa mtu aliyemkanyaga.

Swila wa eneo hili, hususan Naja mossambica, huinua kichwa, hutanua shingo na huweza kurusha sumu machoni kwa umbali wa meta 2 hadi 3. Huzunguka sana usiku, hupenda makazi ya watu kwa ajili ya panya na vyura, na ni miongoni mwa nyoka wanaojulikana kuwauma watu waliolala.

Koboko (Dendroaspis polylepis) ni mrefu, mwembamba, mwenye rangi ya kijivu au ya zeituni. Weusi unaotajwa sana umo ndani ya kinywa chake. Hukaa katika vichuguu vilivyoachwa, mapango ya miti na nyufa za mawe, na hurudi katika maficho yaleyale kwa muda mrefu. Huepuka watu, lakini akizibiwa njia huuma kwa kasi na zaidi ya mara moja.

Yupo pia nyoka mdogo mweusi anayeishi chini ya udongo, Atractaspis bibronii, ambaye hutokea juu usiku, hasa baada ya mvua. Huyu hawezi kushikwa kwa usalama hata nyuma ya shingo, kwa kuwa jino lake huchomoza kando ya mdomo. Watu wengi huumwa naye kwa kumdhania kuwa hana madhara.

3.2 Jina moja, nyoka watatu

Tatizo la pekee linahusu lugha. Katika mazungumzo ya kila siku, maneno "nyoka wa kijani" hutumika kwa nyoka watatu walio tofauti kabisa. Wa kwanza ni ukukwi, jina wanalopewa nyoka wembamba wa jenasi ya Philothamnus, ambao hawana sumu ya kumdhuru binadamu. Wa pili ni koboko wa kijani (Dendroaspis angusticeps), anayeishi juu ya miti ya pwani, ikiwemo miembe, minazi na mikorosho, na ambaye sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Wa tatu ni Dispholidus typus, nyoka wa matawini mwenye macho makubwa, ambaye dume lake mara nyingi ni la kijani. Sumu ya huyu huzuia damu kuganda.

Matokeo ya mkanganyiko huu ni makubwa. Aliyeumwa na ukukwi atapona kwa tiba yoyote, hata kwa maji ya kunywa, na dawa iliyotumika itasifiwa kijiji kizima. Dawa hiyohiyo ikitumika kwa aliyeumwa na koboko wa kijani, mgonjwa anaweza kufa huku ndugu wakisubiri ifanye kazi. Kwa hiyo, jina la nyoka litolewalo na mgonjwa au shahidi ni taarifa ya kusaidia tu. Dalili za mwilini ndizo ushahidi wa kuaminika zaidi.

Historia ya Mtwara yenyewe inatoa funzo kuhusu koboko wa kijani. Katikati ya karne ya 20, C. J. P. Ionides (1901–1968), aliyekuwa mhifadhi wa wanyamapori wa serikali ya kikoloni, aliishi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, akikamata nyoka kwa ajili ya makumbusho, bustani za wanyama na watafiti wa sumu. Wakazi walimletea habari za nyoka walioonekana mashambani, naye alikamata koboko wa kijani kwa idadi kubwa. Wingi huo unaonesha kwamba nyoka hatari anaweza kuishi juu ya mti uleule ambao watu hupumzika chini yake, na bado matukio ya kuumwa naye yakawa machache, kwa kuwa hukaa matawini na hukimbia. Hatari haipimwi kwa idadi ya nyoka peke yake. Hupimwa pia kwa mahali na namna wanavyokutana na watu.

3.3 Nyoka wa baharini

Wavuvi wa Msimbati na Msangamkuu wanaweza kukutana na nyoka wa baharini mwenye mgongo mweusi na tumbo la manjano (Hydrophis platurus), anayeelea katika bahari ya wazi na mara nyingine kutupwa ufukweni na mawimbi. Mkia wake ni bapa kama kasia. Ana sumu kali, hivyo hapaswi kushikwa kwa mkono, awe kwenye wavu au mchangani. Viumbe wengi wanaoitwa nyoka karibu na miamba ni samaki wa jamii ya mkunga, wasio na mkia wa namna hiyo.

4.0 Namna Sumu Inavyofanya Kazi

Kwa ajili ya tiba, madhara ya sumu yanaweza kuwekwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni sumu inayopoozesha, ambayo ni ya koboko na koboko wa kijani. Sumu hii huvuruga mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Dalili za awali ni ganzi au mchonyoto mdomoni, kope kulegea, kuona vitu viwiliviwili, kushindwa kumeza mate na sauti kubadilika. Hatimaye misuli ya kupumua hushindwa. Kwa koboko, hali hii inaweza kufikiwa katika muda wa saa chache au pungufu. Ni muhimu kutambua kwamba mahali palipoumwa huenda pasivimbe sana, jambo linaloweza kuwapa ndugu matumaini yasiyo na msingi.

Kundi la pili ni sumu inayovimbisha na kuozesha, ambayo ni ya moma na swila. Maumivu huanza mara moja, uvimbe hupanda, malengelenge hutokea, na baada ya siku kadhaa nyama hubadilika rangi na kufa. Kifo, kinapotokea, huchelewa zaidi, lakini ulemavu ni wa kawaida iwapo tiba imechelewa.

Kundi la tatu ni sumu inayozuia damu kuganda, na mfano wake mkuu ni nyoka wa matawini. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Tarehe 25 Septemba 1957, mtaalamu wa nyoka Karl P. Schmidt aliumwa na nyoka mchanga wa spishi hii huko Chicago, Marekani. Aliandika mwenyewe maendeleo ya hali yake, akiamini kwamba madhara yangekuwa madogo, na siku iliyofuata alifariki. Ikiwa mtaalamu wa kiwango hicho alidanganywa na utulivu wa saa za mwanzo, hakuna sababu ya mkulima kuutegemea utulivu huo.

Hata hivyo, si kila anayeumwa na nyoka mwenye sumu huingiwa na sumu. Nyoka huweza kuuma bila kutoa sumu, au kutoa kidogo tu. Ukweli huu unaeleza kwa nini tiba nyingi zisizo na nguvu zimepata sifa, na pia kwa nini kingasumu haipaswi kutolewa kwa kila mgonjwa bila kuchunguzwa.

5.0 Kujikinga

Kinga iliyo bora hufuata nyakati na mahali palipotajwa hapo juu.

Shambani, sehemu ya chini ya mikorosho isafishwe kabla ya korosho kuanza kuanguka. Kazi hii hurahisisha uokotaji na wakati huohuo huondoa maficho. Anayeokota atangulize kijiti kufunua majani kabla ya kupeleka mkono. Buti za mpira huzuia sehemu kubwa ya kuumwa na moma, kwa kuwa shambulio lake huwa chini ya goti. Mkono usiingizwe katika shimo, chini ya gogo, ndani ya kichuguu au katika rundo la matofali pasipoonekana ndani.

Nyumbani, nyasi zikatwe kuzunguka nyumba, na rundo la kuni, makumbi na makuti liwekwe mbali na ukuta. Matundu chini ya milango yazibwe. Nafaka ihifadhiwe katika vyombo vilivyofunikwa, kwa kuwa kumwondoa panya ni kumwondolea nyoka sababu ya kuingia. Kulala kitandani ni salama kuliko kulala chini. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka humkinga aliyelala dhidi ya mbu na nyoka kwa pamoja, na chaweza kutumika hata katika kibanda cha shambani.

Usiku, mtu asitembee bila tochi wala viatu. Simu nyingi za mkononi zina mwanga wa kutosha kuonesha njia ya chooni. Watoto wafundishwe kutomkaribia nyoka yeyote, hata aliyekufa, kwa sababu kichwa cha nyoka aliyeuawa kinaweza kuuma kwa muda baada ya kukatwa. Nyoka akionekana, apewe nafasi ya kuondoka. Watu wengi huumwa wakati wa kujaribu kumuua au kumshika.

6.0 Huduma ya Kwanza

6.1 Mambo ya kufanya

Mtu akiumwa, aondolewe mahali alipo nyoka, alazwe na atulizwe. Pete, bangili, saa na nguo za kubana ziondolewe mapema kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kifungwe gango, kama afungwavyo aliyevunjika mfupa, ili kisichezeshwe. Misuli inayofanya kazi huharakisha sumu kusambaa, hivyo mgonjwa abebwe, asitembezwe wala asikimbizwe kwa miguu yake. Saa aliyoumwa iandikwe au ikumbukwe.

Safari ya kwenda kituo cha huduma ianze mara moja, bila kusubiri dalili. Mgonjwa anayetapika au anayelegea alazwe kwa ubavu wa kushoto ili asipaliwe. Kama kupumua kumesimama, mwenye ujuzi ampe pumzi ya kinywa kwa kinywa na kuendelea hadi kituoni. Kwa maumivu, parasetamoli inafaa. Aspirini isitumike kwa kuwa huongeza uwezekano wa kutoka damu. Picha ya nyoka iliyopigwa kwa simu kutoka mbali inaweza kumsaidia tabibu, lakini muda usipotezwe kumsaka.

6.2 Mambo ya kuepuka

Kufunga kamba kwa kukaza ni kosa linaloweza kusababisha kukatwa kiungo. Sumu ya moma na swila huharibu nyama, na kamba huifungia sumu hiyo mahali pamoja huku ikizuia damu safi. Endapo mgonjwa ameshafungwa kamba iliyokazwa, isifunguliwe ghafla njiani. Ifunguliwe kituoni mbele ya tabibu aliyejiandaa, kwa sababu sumu iliyozuiwa inaweza kuingia mwilini kwa wingi mara moja.

Kuchanja kwa wembe huongeza kutoka damu na huleta maambukizi. Kufyonza kwa mdomo hakutoi sumu ya maana. Jiwe jeusi la nyoka, mafuta ya taa, umeme wa betri, barafu na dawa za majani zinazopakwa kwenye jeraha havitengui sumu. Kunyweshwa dawa za kutapisha ni hatari zaidi kwa mgonjwa ambaye koo lake limeanza kupooza. Hasara kubwa ya mambo haya yote ni moja: kila moja hula muda ambao mgonjwa hana.

6.3 Sumu ya swila machoni

Sumu iliyorushwa machoni hailazimiki kuua, lakini inaweza kupofusha. Macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa dakika 15 hadi 20. Pasipo maji, maziwa yanaweza kutumika. Macho yasifikichwe, na majani yasikamuliwe ndani yake. Kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya ili kioo cha jicho kichunguzwe na apewe dawa ya kuzuia maambukizi.

7.0 Matibabu Hospitalini

Tiba mahususi ya sumu ya nyoka ni kingasumu, yaani dawa itengenezwayo kutokana na damu ya wanyama, hasa farasi, waliopewa dozi ndogondogo za sumu hadi miili yao ikazalisha chembe za kuikabili. Mambo manne kuhusu dawa hii yanahitaji kueleweka na watoa huduma pamoja na jamii.

Kwanza, kingasumu hufanya kazi kwa sumu za nyoka waliotajwa katika maelezo yake tu. Kingasumu inayotengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya nyoka wengi inawahusu moma, koboko, koboko wa kijani na Naja mossambica, lakini haimhusu nyoka wa matawini, ambaye ana kingasumu yake peke yake. Kwa Atractaspis hakuna kingasumu ya kutegemewa, na mgonjwa wake hutibiwa maumivu na kidonda. Dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haiwezi kuchukua nafasi ya dawa ya nyoka wa Afrika, hata kama bei yake ni nafuu. Ghana ilijifunza jambo hili kwa gharama ya maisha, vifo vilipoongezeka baada ya dawa isiyofaa kuingizwa hospitalini.

Pili, dozi hupangwa kwa kukadiria sumu iliyoingia, si uzito wa mgonjwa. Mtoto hupewa kiasi kilekile apewacho mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia mtoto sumu.

Tatu, kingasumu hutolewa kwa mshipa na inaweza kusababisha mzio mkali. Kwa hiyo hutolewa mahali penye adrenalini iliyokwisha kuandaliwa, na mgonjwa hufuatiliwa kwa karibu. Hii ndiyo sababu haifai kuchomwa nyumbani.

Nne, kingasumu ya maji huhifadhiwa kwenye jokofu kwa nyuzijoto 2 hadi 8. Kituo kisicho na umeme wa uhakika hakiwezi kuitunza ipasavyo. Upatikanaji wake nao umekuwa wa mashaka kwa Afrika nzima. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi ilisitisha utengenezaji wa kingasumu ya Fav-Afrique, iliyokuwa ikitegemewa katika nchi nyingi, na shehena za mwisho zilimaliza muda wake mwaka 2016.

Hata hivyo, kukosekana kwa kingasumu hakumaanishi kwamba hospitali haina la kufanya. Mgonjwa aliyepoozwa na sumu ya koboko hufa kwa kukosa pumzi. Akipumulishwa kwa mashine, au kwa mfuko wa kupumulishia unaobonyezwa kwa mkono kwa zamu, anaweza kuishi hadi sumu ipungue nguvu. Uchunguzi wa kuganda kwa damu nao hauhitaji maabara kubwa. Mililita 2 za damu huwekwa katika mrija safi na mkavu wa kioo, huachwa bila kutikiswa kwa dakika 20, kisha mrija huinamishwa mara moja. Damu ikiwa bado inatiririka, mgonjwa yumo hatarini na tabibu anapaswa kumfikiria nyoka wa matawini. Mrija wa plastiki haufai, kwa kuwa kioo ndicho kinachochochea damu kuganda.

Mgonjwa ambaye hajaonesha dalili yoyote abakizwe kituoni kwa saa 24. Ruhusa ya mapema ndiyo huwarejesha wagonjwa wa sumu inayochelewa wakiwa katika hali mbaya.

8.0 Kutoka Kijijini hadi Hospitalini

Msimbati ipo zaidi ya kilometa 30 kutoka mjini Mtwara, ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula. Vijiji vya bonde la Ruvuma vina barabara zinazoharibika wakati wa mvua, na mkazi wa Msangamkuu hutegemea kivuko kuvuka ghuba. Ichukuliwe mfano wa mtoto aliyeumwa na koboko saa mbili usiku katika kibanda cha mpunga karibu na Kitaya. Iwapo familia itatumia saa moja kumtafuta mganga, saa nyingine kusubiri dawa yake, na ya tatu kutafuta usafiri, mtoto huyo anaweza kuacha kupumua kabla safari haijaanza. Katika saa hizo tatu sumu haikuongezeka. Kilichopungua ni nafasi ya kuitibu.

Uzoefu wa kusini-mashariki mwa Nepal unaonesha kwamba nafasi hiyo inaweza kurudishwa. Huko, vijiji vilielimishwa kuhusu nyoka na waendesha pikipiki wa kujitolea wakapangwa kuwakimbiza wagonjwa kwenye kituo cha tiba. Vifo miongoni mwa walioumwa vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Vijiji vya Mtwara vina bodaboda na vina simu. Kinachohitajika ni makubaliano ya mapema: dereva yupi ataitwa usiku, nauli italipwa vipi bila kusubiri mchango, na kituo kipi chenye kingasumu kitapigiwa simu kabla ya kuondoka. Mgonjwa akae katikati, dereva mbele na msaidizi nyuma akimshikilia, kiungo kikiwa kimefungwa gango.

Waganga wa tiba asili hawapaswi kuachwa nje ya mpango huu, kwa kuwa ndio wanaofikiwa kwanza. Imani kwamba nyoka ametumwa na mbaya hujibu swali la kwa nini fulani ndiye aliyeumwa; hospitali hujibu swali la namna ya kumzuia asife. Maswali haya mawili hayalazimiki kupigana, mradi la pili litangulizwe. Mganga anayemtuliza mgonjwa, anayekataza kamba na wembe, na anayeagiza bodaboda papo hapo ameokoa maisha bila kupoteza heshima yake. Dua na tambiko vinaweza kufuata mgonjwa akiwa kitandani hospitalini.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba madhara ya nyoka katika pwani ya Mtwara yana kalenda, yana mahali, na kwa kiasi kikubwa yanaweza kuzuilika. Usafi wa shamba kabla ya korosho kuanguka, buti za mpira, chandarua, tochi na ghala lisilo na panya hupunguza kukutana kwa nyoka na binadamu. Pale kinga inaposhindwa, gango, utulivu na safari ya haraka vina thamani kuliko dawa yoyote ya kupaka. Aidha, hospitali zinahitaji kingasumu inayolingana na nyoka wa eneo hili, adrenalini, mrija wa kioo na mikono iliyo tayari kumpumulisha mgonjwa.

Inapendekezwa kwamba kila kijiji cha bonde la Ruvuma na cha ukanda wa Ghuba ya Mnazi kiwe na mpango wa usafiri ulioafikiwa kabla ya msimu wa korosho, na kwamba somo la huduma ya kwanza kwa aliyeumwa na nyoka lifundishwe shuleni na katika mikutano ya vijiji. Mpango huo ukiwepo, mtoto wa Kitaya aliyetajwa katika mfano atakuwa barabarani ndani ya saa ya kwanza, wakati bado anapumua mwenyewe.